Mtoto Aanze Lini Kula Chakula?

Katika nyumba nyingi za Kenya, mtoto mchanga anapofika umri wa miezi miwili au mitatu huzuka ubishi. Mtoto hulia usiku, hutia ngumi kinywani, na huwakazia macho watu wanaokula. Hapo bibi yake husema kwamba maziwa ya mama yamekuwa mepesi na mtoto anataka uji. Mama husema kwamba kliniki ilimwagiza angoje. Na baba, ambaye hana hakika, hunyamaza. Neno hili si dogo. Kuanza mapema huleta maradhi, kuchelewa huleta udhaifu, na madhara yake huweza kumfuata mtoto mpaka ukubwani.

Shauri la waganga siku hizi ni moja. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, bila ya maji, uji, chai wala maziwa ya ng'ombe, isipokuwa dawa alizoandikiwa na mganga. Akisha kutimiza miezi 6 aanze kula chakula laini, huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye huweza kumnyonyesha mwanawe hivyo hivyo, maadamu anatumia dawa zake kila siku na kufuata maagizo ya kliniki.

Bibi hakusema uongo

Haifai kumdharau bibi kwa ajili ya maneno yake. Zamani Shirika la Afya Ulimwenguni lilikuwa likishauri chakula kianze kati ya mwezi wa 4 na wa 6, na wengi wa wanawake walioambiwa hivyo ndio mabibi wa leo. Mwaka 2001, baada ya uchunguzi mwingi kupimwa, mkutano mkuu wa shirika hilo uliazimia miezi 6. Basi bibi ameshika neno la zamani, nayo elimu imesonga mbele. Ni vema aelezwe kwa adabu, na ikiwezekana afuatane na mkaza mwanawe kwenda kliniki, alisikie jambo hilo kwa muuguzi mwenyewe. Maana mara nyingi ni yeye anayebaki na mtoto wakati mama yuko shambani au kazini, na shauri lisilokubaliwa na bibi halidumu nyumbani.

Kilio nacho si dalili ya njaa daima. Mtoto hulia kwa joto, kwa baridi, kwa usingizi, au kwa kutaka kubebwa tu. Na kutia ngumi kinywani ni desturi ya watoto wote. Anayetaka kujua kama maziwa yanatosha na atazame mambo mawili: mtoto hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake unapanda katika kitabu cha kliniki. Yakiwapo hayo, maziwa yanatosha. Tena maziwa huja kwa kadiri mtoto anyonyavyo. Mtoto aliyeshibishwa uji hunyonya kidogo, na maziwa ya mama hupungua. Ndipo watu husema, "Tulijua kwamba hana maziwa," kumbe ni uji uliyoyapunguza.

Hatari ya haraka

Maziwa ya mama ni safi, na zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 ni maji. Kwa hiyo mtoto hana haja ya kupewa maji hata wakati wa jua kali. Bali kikombe, kijiko na maji ya mto au ya kisima huweza kuchukua vijidudu vya kuhara, na kuhara humkausha mtoto mchanga upesi sana. Maziwa ya ng'ombe aliyopewa kabla ya wakati huweza kumtoa damu kidogo kidogo tumboni bila ya mtu kuona. Chai huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika chakula, hata ikiwa na maziwa mengi.

Kwa akina mama walioajiriwa maofisini jambo hili lina uzito wa peke yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, nayo haifiki miezi 6. Dawa yake si uji, bali kukamua. Mama anawe mikono kwa sabuni, akamue maziwa katika chombo safi chenye kifuniko, na anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa ambayo ni taabu kuisafisha. Mahali penye baridi ya kawaida maziwa hayo hukaa saa 4, na ndani ya friji huweza kukaa siku 4. Tena Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yawaagiza waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyeshea au kukamulia. Karani asione haya kuuliza habari za mahali hapo, maana ni haki yake.

Hatari ya kukawia

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Lakini walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili huja duniani na akiba ya madini ya chuma mwilini, na akiba hiyo humtosha kwa muda wa miezi 6 hivi. Maziwa ya mama yana madini hayo kidogo tu. Akiba ikiisha pasipo chakula kingine, damu hupungua, na akili ya mtoto hukosa nguvu ya kukua katika miezi ile ile inayokua kwa kasi.

Basi asingojewe mpaka aote meno. Ukimpakata naye akakaa wima, shingo imekaza, akakinyoshea mkono chakula, wala ulimi hausukumi nje kila kinachotiwa kinywani, yu tayari.

Siku za kwanza apewe vijiko 2 au 3 vya chakula kilichopondwa, mara 2 kwa siku. Kadiri azoeavyo kiongezwe mpaka nusu kikombe, mara 2 au 3. Tangu mwezi wa 9 ale mara 3 au 4 kwa siku, chakula kikiwa kizito zaidi, na vipande laini vya kushika mwenyewe. Akitimiza mwaka 1 huweza kula chakula cha nyumba nzima, kilichokatwa vizuri, kisichokuwa na pilipili wala chumvi nyingi.

Kosa lililoenea sana ni uji wa majimaji. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo, halipokei zaidi ya kikombe kimoja; likijazwa maji yenye unga kidogo, mtoto hushiba pasipo kulishwa. Uji wa mtoto uwe mzito, ukae juu ya kijiko usidondoke. Wakulima wanaojua kuotesha wimbi wana njia nzuri: unga wa kimea ukitiwa kidogo katika uji mzito, uji hulainika bila ya kuongezwa maji, kisha uchemshwe tena.

Uji peke yake, hata ukiwa mzito, hautoshi. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za maradhi ya kwashakoo, akatumia jina la Waga wa huko, ambao waliyaita maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuzaliwa mdogo wake. Watoto hao walikuwa wakilishwa vyakula vya mahindi, matumbo yakajaa, lakini miili ikavimba na nywele zikageuka rangi. Kwa hiyo penye uji, ndizi au viazi, pawe pia na yai, omena waliosagwa, ini la kuku, nyama iliyokatwa ndogo sana, au maharagwe na kunde zilizopondwa. Ziongezwe mchicha au sukuma wiki, boga, papai au embe. Yai na njugu za kusaga hazina haja ya kucheleweshwa kwa kuogopa mzio; lakini njugu nzima asipewe, maana humpalia, wala asali asionje kabla ya mwaka 1, kwa kuwa huweza kuwa na sumu ya vijidudu.

Mahindi na njugu zilizoota ukungu zisisagwe kwa ajili ya mtoto, wala kwa mtu yeyote. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Nafaka ikaushwe sawasawa kabla ya kuwekwa ghalani.

Neno kwa baba

Kuna nyumba zenye kuku kumi na ng'ombe wawili wa maziwa, na mtoto wa humo ana miguu kama vijiti. Mayai yote yamekwenda sokoni, maziwa yote yamekwenda kwa chama cha ushirika, na fedha zimenunua mambo mengine. Baba wa namna hiyo si mkatili; hakupata kufikiri tu kwamba yai moja lililobaki nyumbani ni shughuli yake. Na aamue tangu leo kwamba mayai machache kila juma hayauzwi, na kwamba mama hatarudishwa shambani upesi hata akakosa nafasi ya kumlisha mtoto polepole, kwa bakuli lake mwenyewe, bila ya kumlazimisha.

Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, watoto 26 walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa kukosa lishe. Mwaka 2022 walikuwa 18. Hesabu imeshuka, lakini 18 bado ni wengi, na kimo kilichopotea kabla ya miaka 2 ni vigumu kurudi. Mtoto atimizapo miezi 6 apelekwe kliniki apimwe uzito na kupewa vitamini A, na hapo mama aulize lolote linalomtatiza. Akiugua, asinyimwe chakula; ale kidogo kidogo mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma mawili, ili arudishe nguvu zilizopotea.