MGONJWA KWANZA, RISITI BAADAYE



Kila mfanyakazi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Kerugoya anaijua habari hii. Mwenzetu ameanguka na bodaboda, au mashine ya kiwandani imemkata mkono. Wenzake wamembeba mpaka hospitali, damu yamtoka. Neno la kwanza aulizwalo si "Waumwa wapi?" bali "Pesa ziko wapi?"

Twasema wazi: hilo ni kosa, na si kosa la adabu tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaeleza matibabu hayo ni nini: kumhudumia mgonjwa kabla hajafika hospitali, kuituliza hali yake, na pasipo vyombo, kumpangia safari ya kwenda penye vyombo. Hospitali yenye uwezo ikikataa, yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3.

Kumwambia mtu langoni "Nenda Nyeri" si kumpangia safari. Kupanga ni kufunga kidonda, kupiga simu kujua kama kitanda kipo, kuandika barua, na kutoa gari pamoja na mtu wa kumwangalia njiani. Mwaka 2015, huko Nairobi, majeruhi mmoja wa barabarani alikaa ndani ya gari la wagonjwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha mahututi. Akafa.

Wanachama mlio kazini hospitali, bawabu, karani, muuguzi na dereva, neno hili ni lenu. Mahututi hapangi foleni. Tazameni kwanza pumzi, damu na fahamu. Jina na karatasi zitafuata. Tena anayelia sana huenda si mgonjwa kuliko wote; aliyenyamaza pembeni ndiye wa kukimbiliwa.

Waajiri nao wasikilize. Twajua amri ya kudai pesa kwanza haitoki kwa karani. Wakiuliza nani atalipa, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliweka mfuko wa dharura na magonjwa mazito. Waidai Serikali, wasimdai mtu anayekata roho. Tena muuguzi mmoja hawezi kushika chumba kizima cha majeruhi usiku kucha. Bweni la Hillside Endarasha, hapa kwetu Kieni, liliungua usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, wakafa wanafunzi 21. Msiba wa namna ile haupigi hodi, wala hauulizi zamu ina watu wangapi.

Kwa hiyo twataka watu wa kutosha zamu ya usiku, mafunzo ya dharura kwa gharama ya mwajiri, na gari la wagonjwa lenye mafuta na oksijeni.

Mwanachama akiamriwa kumfukuza mgonjwa wa dharura, aandike tarehe, saa na jina la aliyeamuru, alete kwa katibu wa tawi. Aliyetibu kabla ya pesa ametii sheria, na Chama kitasimama naye. Lakini aliyemwacha mtu afe kwa uvivu wake, asije kwetu kutafuta kinga.

Leo wampokea mgeni. Kesho waweza kuwa wewe uliyelala juu ya machela.