Mzee wa Jenereta Akistaafu, Nani Atawasha?

Nimechoka na hotuba za mashine mpya za hospitali.

Utepe unakatwa, vigelegele vinapigwa, mheshimiwa anapigwa picha, msafara unaondoka. Haya, mashine tumepata. Mtunzaji yuko wapi?

Wewe uliyewahi kumlaza mama yako wodini hapa Songea, hebu nikuulize. Unamjua kwa jina anayewasha jenereta umeme ukikatika? Anayeteketeza sindano zilizotumika na pamba zilizolowa damu? Anayepanda kwenye simtanki saa nane usiku kwa sababu wodi ya wazazi imekauka? Humjui. Jina la daktari unalo, na namba yake ya simu pia. Huyu kwako ni "yule mzee wa jenereta", basi.

Mzee wa aina hii aliingia kazini mji mzima ukiendeshwa kwa majenereta ya dizeli, miaka mingi kabla Songea haijaungwa kwenye Gridi ya Taifa mwaka 2018. Anajua swichi ipi inatoa cheche. Anajua koki ipi inapeleka maji chumba cha upasuaji. Hayo hayakuandikwa popote, yako kichwani mwake. Na kichwa hicho kikifikisha miaka 60, sheria inakirudisha nyumbani kikapambane na kikokotoo cha pensheni. Asante ya punda!

Nafasi yake? "Kibali cha ajira hakijatoka." Mwaka unapita. Anaitwa kibarua.

Umelala, msomaji? Unadhani gridi imemaliza kazi? Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 umeshausahau? Umeme ukizimika, mtoto njiti anayepumua kwa mashine ya oksijeni hasubiri kibali. Mama aliyepasuliwa tumbo hasubiri kibali.

Mwezi Mei 2022, kule Tivaouane, Senegal, moto uliwaka katika wodi ya watoto wachanga. Walikufa 11. Chanzo kilitajwa kuwa hitilafu ya umeme. Waziri wa Afya akafutwa kazi. Watoto hawakurudi. Sasa nenda kwenye hospitali iliyo karibu nawe, tazama mitungi ya kuzimia moto ukutani, soma tarehe ya ukaguzi. Kama kuna tarehe.

Na huyo mzee mwenyewe nani anamlinda? Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 15 ya taka za huduma za afya ni hatarishi. Hizo ndizo anazobeba, mara nyingi kwa glovu zilizochanika. Sindano ikimchoma, dawa za kumkinga na VVU zina maana zikianzwa ndani ya saa 72 tu. Amewahi kuambiwa? Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu. Muulize kama amepata hata moja. Hospitali inayohubiri kwamba kinga ni bora kuliko tiba inamwacha mtu wake bila kinga! Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. Tunayo kabatini.

Usiniambie hatuna mfano. Peramiho iko jirani. Wabenediktini walifika pale mwaka 1898, na pamoja na hospitali walijenga karakana na kufundisha vijana ufundi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inamtaka mtunza mali wa monasteri aviheshimu vifaa vyote sawa na vyombo vya altare. Vyote, spana ikiwemo! Masista wa Chipole nao wamejenga kituo cha umeme Tulila, kwenye Mto Ruvuma. Masista! Sisi wenye wizara, mkoa na manispaa tunashindwa kuajiri fundi mmoja kabla mwenzake hajaondoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nafasi ya fundi itangazwe angalau mwaka mmoja kabla mzee hajastaafu. Mrithi atembee naye, aoneshwe kila koki na kila waya, na yote yaandikwe. Wachoma taka wote wachanjwe, wapewe gambuti na glovu nzima.

Fedha? Anzeni na ile ya mahema na chakula cha uzinduzi. Nawe msomaji, siku wakija tena na mkasi wao, usipige makofi kabla hawajakutajia jina la fundi.