Mahindi ya Kuvu na Ini Lililokwisha Kuumia

Najua wengi wenu mkiona neno "ini" mtakimbilia ukurasa wa vichekesho, lakini hebu nivumilieni kidogo, kwa maana jambo lenyewe limo sahanini mwetu kila siku.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumtembelea mjomba wangu kule Makueni. Mjomba ana homa ya ini aina ya B. Aligunduliwa alipokwenda kutoa damu, na tangu siku hiyo pombe hajaigusa. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye kigoda akichambua mahindi. Mazuri aliyatia katika gunia la kuuza. Yenye kuvu ya kijani aliyatupa ndani ya karai.

"Mjomba, hayo ni ya kuku?" nikamwuliza.

Akacheka. "Ya kuku kwani kuku ndiye aliyelima? Haya ndiyo yetu. Mnunuzi hataki doa, lakini tumbo halina macho."

Jameni! Mtu ameacha pombe ili aliokoe ini lake, kisha anakula sumu ya ini asubuhi na jioni. Wala simlaumu. Huko hospitalini aliambiwa habari za pombe tu, mahindi hayakutajwa.

Kuvu hiyo huacha sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Ikishaliwa huenda moja kwa moja hadi kwenye ini, na humo ini lenyewe, katika kujaribu kuisafisha, huigeuza ikawa kali zaidi. Ini zima lina uwezo wa kuzima sehemu kubwa ya ukali huo. Lakini ini ambalo limeshambuliwa na virusi miaka nenda miaka rudi lina seli zinazokufa na nyingine zinazozaliwa haraka haraka kujaza pengo, na hitilafu inayoletwa na sumu hurithiwa na hizo changa. Ndiyo maana wataalamu wamekadiria kwamba kiasi kile kile cha aflatoksini kina nguvu ya kuleta saratani ya ini mara 30 hivi zaidi kwa mwenye virusi vya B kuliko kwa asiye navyo. Mara 30! Sahani ni moja, ugali ni mmoja, lakini hatari si moja.

Si hadithi za mbali hizi. Mwaka wa 2004, huko huko Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na majirani 80 waliokuwa wazima. Waliona kwamba waliougua walikuwa wameweka mahindi yakiwa na unyevu, tena virusi vya homa ya ini B vilipatikana zaidi miongoni mwao.

Kuna wale husema, "Ah, babu zetu walikula haya haya, mbona hawakufa?" Nani aliwahesabu? Saratani ya ini huchukua miaka mingi, na ikifika watu husema amerogwa. Wengine hudai moto huua kila kitu. Ukichemsha githeri tangu alfajiri hadi adhuhuri utaua kuvu, ndiyo, lakini sumu iliyokwisha kuachwa itabaki. Hata muthokoi wetu, kukoboa kwaweza kuipunguza sumu, si kuimaliza.

Maoni yangu ni kwamba onyo hili lisitolewe kwa wote kwa sauti moja tu. Wenye ini bovu waambiwe kwanza, tena waambiwe pale pale wanapopewa majibu ya damu. Sisi wanafunzi wengi wetu tulichanjwa tukiwa wachanga, kwani chanjo hiyo imo katika ratiba ya watoto nchini tangu mwaka wa 2001. Wazazi na wajomba zetu hawakuipata. Basi anayeyajua haya awapelekee nyumbani. Na tafadhali, tuache mtindo wa kumtengea mgonjwa kikombe chake. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula pamoja.

Hapa shuleni fomu ya afya huuliza habari za pumu na kifafa, haiulizi habari za ini. Iulize. Na magunia ya mahindi yainuliwe juu ya mbao, yasilale kwenye sakafu yenye unyevu.

Mjomba nilimweleza yote haya usiku ule. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama hilo karai angempa ng'ombe. Nikamwambia hapana, sumu ile hupita ikatokea katika maziwa. Asubuhi tulichimba shimo nyuma ya choo tukayafukia, debe zima na nusu. Alikuwa akihesabu shilingi kwa sauti huku akimwaga.