Bosi Asikwepe Asilimia Kumi Yake

Wenzangu, mabosi wadogo hapa Ruti wana jibu wanalolipenda: "Jiwekee mwenyewe." Fundi wa gereji akiuliza habari ya akiba ya uzeeni, anaambiwa kwamba siku hizi NSSF, yaani mfuko wa akiba ya wafanyakazi, inapokea hata pesa ya mtu binafsi kwa simu. Ni kweli inapokea. Ila ukweli huo unatumiwa kumnyima haki yake.

Sheria ya 1985 iliwabana waajiri wenye wafanyakazi watano au zaidi tu. Marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2022 yaliondoa mpaka huo: hata mwenye mfanyakazi mmoja lazima achangie. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, naye bosi huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Marekebisho hayohayo yaliruhusu michango ya hiari, lakini hiari hiyo haikufuta wajibu wa bosi.

Tupige hesabu. Anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi akijiwekea asilimia 5, kwa mwaka anapata 180,000. Bosi akitimiza sheria, zinakuwa 540,000. Hizo 360,000 za katikati ndizo zinazopotea kila bosi anaposema "jiwekee mwenyewe".

Muswada ulipojadiliwa, kelele nyingi zilihusu wenye miaka 45 kuruhusiwa kuchukua asilimia 20 ya akiba yao mapema. Vizuri kwa waliokuwa na akiba. Asilimia 20 ya sifuri ni sifuri.

Sisi tuliokulia Nakivale tunaambiwa zaidi: "Wewe mkimbizi, hayo hayakuhusu." Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Basi jasho letu lisihesabiwe nusu.

Wengine watasema biashara ndogo zitakufa. Mbona mwenye gereji hauziwi vipuri kwa bei pungufu kwa sababu gereji yake ni ndogo? Kwa nini kazi ya mtu tu ndiyo ipunguzwe bei?

Sheria hii imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi inaowalinda hawakisomi. Sisi tunaosomea Kiswahili, pamoja na walimu wetu, tuiandike kwa lugha yao, ukurasa mmoja tu, tuibandike kwenye magereji ya Ruti na kwenye soko la Nakivale. Bosi atakayesema "jiwekee mwenyewe" aonyeshwe karatasi hiyo.