Zizi la Julai: Tandika, usizibe

Mwezi wa Juni ukishaingia, ndugu msomaji, mwenyeji wa nyanda za juu hana haja ya kutazama kalenda. Kule Kinangop, Limuru, Ol Kalou na Molo ukungu huwa bado umetanda saa tatu za asubuhi, maji ya mtungi huuma vidole, na watoto hung'ang'ania kando ya jiko. Sweta hutolewa sandukuni. Na kwa kuwa mfugaji ni mtu wa huruma, hamsahau ndama wake. Huchukua magunia, makaratasi ya nailoni na maboksi makuukuu, akaziba kila mwanya wa kibanda, kisha akarudi nyumbani ametulia moyo.

Baada ya majuma mawili ndama anakohoa. Pua zinachuruzika kamasi, masikio yamelegea, na maziwa anayaacha kwenye ndoo. Akifa, watu wa nyumbani husikitika na kusema ni baridi ya Julai iliyomuua. Mpenzi msomaji, baridi inasingiziwa. Aghalabu kilichomdhuru ndama ni kule kuzibiwa hewa huku amelala juu ya sakafu iliyolowa mkojo.

Hili si jambo la mwenye zizi peke yake, ni la nyumba nzima. Ndama jike anayezaliwa leo ndiye atakayekamuliwa baada ya miaka miwili na ushei. Maziwa yake ndiyo karo, ndiyo sukari na unga, na ndiyo yatakayolipa deni la chama cha ushirika. Akifa akiwa na mwezi mmoja, jamaa huwa imepoteza miaka hiyo yote, pamoja na gharama ya kumpandisha mama yake.

Hebu kwanza tujue ni nani hasa anayesikia baridi. Ng'ombe mzima si kama sisi. Tumbo lake kuu, linalochachusha majani mchana kutwa na usiku kucha, ni mfano wa jiko lisilozimika. Isitoshe, Friesian asili yake ni Uholanzi na kaskazini ya Ujerumani, na Ayrshire ni mzaliwa wa Scotland, nchi zinazoijua theluji. Ng'ombe wa namna hiyo akiwa ameshiba, mkavu, na hapigwi na upepo, usiku wa nyuzi 8 haumsumbui hata kidogo. Kinachomsumbua ni kulala katika tope.

Ndama ni habari nyingine. Katika majuma matatu ya mwanzo bado hajaanza kucheua vizuri, kwa hivyo lile jiko la tumboni halijawaka. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mwili wake huanza kuchoma chakula ili kujipasha joto. Maziwa ambayo yangemkuza yanageuzwa kuni. Manyoya yake yakilowa mambo huharibika zaidi, maana manyoya yaliyoshikamana kwa maji hayahifadhi joto.

Sasa tutazame kwa wenzetu wanaoishi na baridi kali kuliko yetu. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, baridi ya Januari hushuka hata kupita nyuzi 20 chini ya sufuri. Mtu angedhani kwamba mabanda ya ng'ombe huko yamezibwa kama sanduku. La hasha! Wafugaji wengi huacha nafasi wazi chini ya paa ili hewa ipite, nao joto wanalitafuta chini, kwenye matandiko. Njia ya zamani ni kuongeza mabua makavu ya ngano juu ya yale ya jana, siku baada ya siku, majira yote ya baridi, mpaka tandiko lifikie karibu mita moja. Baridi ikiisha huzolewa yote na kupelekwa shambani. Njia nyingine, iliyoanzia jimbo la Virginia katika miaka ya 1980 na kufika Minnesota mwaka wa 2001, ni ya kutandika maranda na vumbi la mbao na kuyapindua kwa trekta mara mbili kwa siku. Ndani ya tandiko hilo joto hupanda kupita nyuzi 40, hali nje kumejaa theluji.

Joto hilo latoka wapi? Latoka kwa vijidudu vinavyoozesha. Mkojo na kinyesi vina nitrojeni nyingi, na mabua au maranda yana kaboni nyingi. Vijidudu huhitaji vyote viwili, kama sisi tunavyohitaji ugali na mboga. Kipimo kinachovifaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Vikipata mlo huo, pamoja na hewa na unyevu wa kiasi, hufanya kazi na kutoa joto. Lakini mkojo ukizidi na tandiko likawa haba, nitrojeni ya ziada hutoroka hewani ikiwa amonia, ile hewa kali inayochoma macho ukifungua mlango alfajiri.

Amonia hiyo ndiyo adui wa ndama. Huunguza utando laini wa koo na njia za pumzi, ambao kazi yake ni kufagia vijidudu visifike mapafuni. Utando ukishaharibika, kichomi huingia kwa urahisi. Basi yule aliyeziba madirisha kwa magunia amemfungia ndama pamoja na adui huyo usiku mzima.

Tuje nyumbani kwetu. Wafugaji wetu wengi wana ng'ombe wawili au watatu katika robo ekari, na tandiko la mita moja la kina halitawezekana kwa wote. Ng'ombe mzima peke yake huhitaji mita mraba 7 hadi 9 ili tandiko la namna hiyo lisimshinde. Anza basi na wale wanaolihitaji zaidi, yaani ndama na ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Kabla ya kutandika chochote, tazama paa na sakafu. Bati likivuja au maji ya mvua yakiingia kutoka uani, hata gari zima la mabua halitakufaa. Ziba matundu ya bati, chimba mtaro kuzunguka banda, na uinue sakafu kwa udongo ulioshindiliwa vyema. Wenye vibanda vya ndama vilivyoinuliwa kwa fito wana nafuu ya ukavu, lakini upepo hupenya kutoka chini. Nao pia watandike nyasi kavu za kutosha juu ya fito hizo.

Kisha weka tabaka la kwanza, sentimita 15 hadi 20 kwa ndama na 30 au zaidi kwa ng'ombe. Chini weka kitu cha kunyonya maji, kama maranda au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Juu weka nyasi kavu au mabua ya ngano, ambayo hukaa mwororo na kumfunika ndama kama blanketi. Kila asubuhi ondoa kinyesi kinachoonekana na pale palipolowa sana, halafu ongeza tandiko kavu. Usingoje Jumamosi. Tandiko likishageuka tope, kuongeza nyasi juu yake ni kama kutandika shuka safi juu ya godoro lililolowa.

Utajuaje kwamba limetosha? Vipo vipimo vitatu visivyogharimu hata senti. Cha kwanza ni miguu ya ndama. Akilala na miguu yake yote ikaonekana, tandiko ni haba. Yatakikana izame ndani ya nyasi isionekane. Cha pili ni magoti yako mwenyewe. Piga magoti mahali anapolala kwa nusu dakika hivi, kisha uinuke. Suruali au leso ikiwa imelowa, ujue ndama naye amelowa. Cha tatu ni pua. Usinuse ukiwa umesimama mlangoni, bali chuchumaa mpaka kichwa chako kifike kimo cha kichwa cha ndama. Huko chini ndiko anakovuta pumzi. Macho yakichoma, ongeza tandiko na uongeze hewa.

Kuhusu hewa, kanuni ni moja: zuia upepo chini, fungua juu. Ukuta wa mabanzi au udongo ufike kimo cha ndama aliyesimama, usiwe na nyufa. Kutoka hapo hadi kwenye paa acha wazi, na paa lenyewe lichomoze vya kutosha ili mvua ya upepo isiingie. Na tafadhali usiingize jiko la makaa bandani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na cheche moja juu ya nyasi kavu yaweza kuteketeza boma zima.

Matandiko yapatikane wapi? Wa Njoro, Mau Narok na Uasin Gishu wana mabua ya ngano baada ya mavuno. Wa Kirinyaga wana makapi ya mpunga wa Mwea, ingawa hayanyonyi maji sana na yafaa kuchanganywa na kitu kingine. Wengine wana mabua ya mahindi, mashina ya maharagwe na majani makavu ya migomba. Maranda hutoka kwa maseremala na viwanda vya mbao, lakini usiyategemee peke yake. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, viwanda vingi vilifungwa. Mwenye busara hukusanya matandiko yake mapema, wakati wa jua, na kuyahifadhi juu ya ulingo chini ya paa.

Chagua pia kwa macho. Nyasi zilizoota ukungu mweupe au mweusi usizitumie, kwani vumbi lake hudhuru mapafu ya mnyama na ya anayetandika. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yana sumu, na ndama hupenda kuonja anacholalia. Chambua misumari na vipande vya waya. Na kwa ng'ombe anayekamuliwa, jihadhari na vumbi la mbao mbichi. Humo hustawi aina ya vijidudu vinavyoleta ugonjwa mkali wa kiwele, ilhali chuchu hugusa tandiko kila anapolala. Yeye mpe maranda makavu, au mabua.

Wenye kuku watakuwa wanatabasamu, maana mambo haya wanayajua. Tandiko la maranda katika nyumba ya kuku hufuata sheria ile ile. Likiwa kavu na legevu, kuku hulipekua wenyewe na hewa ikaingia. Likilowa kando ya vyombo vya maji na kugandamana, mayai ya vimelea vya koksidia hupevuka humo na vifaranga wakaanza kuhara damu. Pale palipoganda patolewe siku hiyo hiyo.

Septemba jua likirudi, utakuwa na tandiko zito lililokolea mkojo wa miezi mitatu. Mtoe ndama nje kwanza ndipo uchimbe, kwa kuwa ukilifumua amonia iliyofungiwa ndani hutoka kwa wingi. Funga kitambaa puani. Lirundike chini ya kivuli, ulifunike kwa majani ya migomba na ulipindue mara moja au mbili. Mvua ya vuli ikianza Oktoba utakuwa na samadi ya kutia kwenye sukuma wiki, viazi na nyasi za mabingobingo. Sehemu kubwa ya nitrojeni ya ng'ombe imo katika mkojo, nao mkojo ndio tunaouachia utiririke mtaroni. Kwa hivyo anayenyonyesha tandiko mkojo huo anajipunguzia mifuko ya mbolea ya dukani.

Sikwambii kwamba tandiko ni dawa. Ndama asiyepata maziwa ya kwanza ya mama yake katika saa chache baada ya kuzaliwa atakuwa dhaifu hata alale juu ya pamba. Na yule ambaye tayari anahema kwa shida au ana homa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje nyasi zimponye.

Kazi yenyewe si nzito ikigawanywa. Baba na vijana walete mabua na kurekebisha ukuta. Mama, ambaye katika nyumba nyingi ndiye hushinda na ndama, awe na neno la mwisho kuhusu tandiko la leo limetosha au la. Watoto nao wapewe kile kipimo cha miguu. Watakifurahia, na kila jioni watakuletea habari kama miguu ya ndama imeonekana au imefichika.

Haya basi, kabla ya jua kuchwa leo, kateremshe magunia ya juu, na nyasi ulizokuwa utie moto zipeleke zizini. Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.