Mnahesabu bunduki, nani anahesabu fataki?

Leo tuongee kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kila operesheni ya kunyang'anya silaha ikifika huku kwetu, picha ni ile ile. Bunduki zimepangwa chini, wakubwa wamesimama nyuma yake, kamera zinapiga. Februari 2023 serikali iliwapa watu siku tatu kurudisha silaha katika kaunti sita, Turkana ikiwemo. Tukahesabiwa bunduki tena. Swali langu ni moja tu: na risasi je? Bunduki bila risasi ni rungu ghali.

Risasi nayo ina roho yake. Ukiigeuza uangalie kitako, utaona kiduara kidogo katikati. Hiyo ndiyo fataki. (Wabongo tulieni, simwongelei yule mzee anayenyemelea wasichana wa shule.) Pini ya bunduki inaigonga, kemikali iliyo ndani inalipuka, moto unaingia kwenye baruti, risasi inatoka. Fataki ikikataa, unasikia "ta" peke yake. Mwenye bunduki amebaki na chuma mkononi.

Zamani moto huo haukuhitaji kiwanda. Gobore linashindiliwa baruti na gololi kupitia mdomo wa mtutu, halafu jiwe linatoa cheche. Ndiyo maana Kiswahili kina neno gumegume: bunduki ya jiwe. Mvua ikinyesha, shughuli imekwisha. Mwaka 1807 kasisi mmoja Mskoti, Alexander Forsyth, akasajili njia ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Inasemekana alichoka kuona ndege wakishtuka kwa ule mwako na kuruka kabla hajawapata. Kutoka hapo zikaja fataki za shaba, kisha fataki ikaingia ndani ya risasi yenyewe. Miaka ya 1880 Wafaransa wakaleta baruti isiyo na moshi, ambayo ni kali zaidi lakini haiwaki kirahisi kama ile nyeusi. Sasa fataki ikawa muhimu hata zaidi.

Hadi leo Marekani kuna wawindaji wanaotumia magobore ya kisasa yanayokula baruti isiyo na moshi. Nimetazama video zao. Wanaume wazima wanabishana fataki ipi inawasha bila kukosea asubuhi ya baridi! Nilicheka, halafu nikanyamaza. Wale jamaa wanajua kitu ambacho operesheni zetu zinasahau: kama huna cha kuwashia, huna bunduki.

Wakoloni walikijua pia. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels yakatia sahihi mkataba uliozuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Unajua walichoruhusu? Gumegume na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika abaki na jiwe, wao wabaki na fataki. Ethiopia haikubaki na jiwe. Ilijipanga kwa silaha za kisasa ikawapiga Waitaliano Adwa mwaka 1896, na baadhi ya bunduki zikashuka hadi kwa Waturkana kupitia biashara ya pembe za ndovu. Ndiyo maana babu zetu waliwasumbua Waingereza miaka mingi, mpaka msafara mkubwa wa kijeshi wa 1918 ulipokuja kutwaa mifugo yao.

Sasa fikiria hivi. Jiwe unaweza kuliokota kwenye laga hapa Lodwar. Fataki huiokoti. Kila risasi inayolia Turkana ilizaliwa kiwandani, ikapakiwa, ikasafirishwa, na mtu fulani akamkabidhi mtu mwingine. Kuizunguka fataki, pale kwenye kitako, mara nyingi kuna herufi na namba zilizogongwa: nani aliitengeneza, mara nyingine na mwaka. Ni kama cheti cha kuzaliwa.

Kuna watafiti waliosoma hivyo vyeti. Ripoti ya Small Arms Survey ya 2008 ilisema karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi wa Kenya. Nusu! Na nchi yetu ina kiwanda chake cha risasi, kiko Eldoret. Lakini keti na watu Kakuma usikie lawama zinaenda wapi: eti wakimbizi, eti Sudan Kusini, eti mpaka. Ni kweli mpaka unavuja. Ila ile nusu nyingine haikuvuka mpaka wowote.

Najua jibu mtakaloniandikia. "Unataka tubaki mikono mitupu?" Hapana. Mimi ni mtoto wa Longech. Huko kwetu wavuvi wanaingia ziwani usiku, na Februari 2025 wavuvi wenzetu walishambuliwa upande wa Todonyang, karibu na Ethiopia. Siwezi kukaa na simu yangu mjini nimwambie mtu wa mpakani atupe bunduki wakati polisi wako mbali naye. Kilichofanya risasi zigawiwe kilikuwa hicho hicho: serikali haifiki, basi wananchi wajilinde. Hiyo sababu naielewa.

Lakini kugawa bila kuhesabu si ulinzi. Risasi aliyopewa mtu ailinde boma ndiyo inayouzwa njaa ikibisha. Ikishauzwa, haikumbuki ilitumwa kulinda nani. Inaweza kumpata mchungaji wa Pokot, inaweza kumpata binamu yako akiwa ndani ya matatu ya Kitale.

Niliacha chuo, sawa, lakini kuhesabu bado najua. Kila boksi la risasi linalopewa askari wa akiba liwe na alama yake na jina la aliyetia sahihi. Akipiga, arudishe maganda. Pasiporudi ganda wala risasi, aulizwe. Na baada ya kila uvamizi, maganda yaokotwe, alama zisomwe, matokeo yatangazwe kwa baraza, mbele ya wazee na vijana. AK ikitunzwa inadumu miaka na miaka, inarithiwa kama ng'ombe. Risasi ikishalia imekwisha, lazima uende kutafuta nyingine. Hapo ndipo pa kumshikia mtu.

Kwa hiyo operesheni ijayo, mkipiga picha za bunduki, pigeni na za vitako vya risasi. Karibu kabisa, herufi zionekane. Mkiona aibu kuziposti, nitumieni mimi.