Mtoto Asijibiwe, Wala Asiachwe Peke Yake na Karatasi

Mwaka 2025, katika siku zile ambapo watoto wa Gredi ya 9 walitakiwa kuchagua njia watakazofuata katika sekondari ya juu, binti yangu wa mwisho alirudi nyumbani na karatasi ya maswali kumi na mawili. Alipewa na mwalimu wake, kila mtoto aijaze kwake nyumbani, apate kujua nafsi yake inapenda nini kabla hajachagua. Njia zenyewe, kwa asiyekuwa na mtoto shuleni, ni tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Watoto zaidi ya milioni moja waliulizwa jambo hilo kwa mwaka mmoja, na Januari 2026 wakawa wa kwanza katika nchi hii kuingia Gredi ya 10.

Niliyasoma yale maswali. Ni kitu gani kinachokufanya usahau wakati? Ulipokuwa mdogo ulipenda kucheza mchezo gani? Lau ungekuwa na fedha za kukutosha, ungefanya kazi gani? Ungependa watu wakukumbuke kwa lipi? Hili la mwisho, wallahi, lilinichekesha. Mtoto wa miaka kumi na mitano aulizwa habari za matanga yake!

Binti alikuwa amejibu mawili tu. Akaniambia, "Baba, nisaidie, yatakiwa kesho." Nikatia miwani, nikaivuta kalamu. Mama yake alikuwa akichambua mchele, na hata macho hakuinua. Alisema, "Na huyu naye utamjibia?" Nikaiweka kalamu chini. Kwa nini niliiweka nitaeleza mbele, maana jambo lenyewe linaniuma na sipendi kuanza nalo.

Barazani nilipoyataja maswali hayo, wazee wenzangu waliyakebehi. Walisema hayo ni mambo ya kizungu, mtoto hupelekwa pale penye kazi akaizoea. Mimi sikukubaliana nao. Kujiuliza si jambo la kizungu. Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa kwamba mtu ajihesabu mwenyewe kabla hajahesabiwa, na hesabu hiyo ina jina lake, muhasaba. Tukafundishwa pia sala ya istikhara, rakaa mbili za mtu mwenye kutatizwa na jambo. Lakini hebu tuangalie istikhara inavyoswaliwa. Mtu haji mikono mitupu akasema, "Nionyeshe nipende nini." Huja na jambo alilokwisha kuliazimia, safari, biashara au mke, akaomba kama lina heri lifanyike jepesi, na kama lina shari liepushwe naye. Azma hutangulia, swali hufuata. Hii karatasi ya binti yangu ilikuwa imeanza na swali, na azma hapakuwa na mahali pa kuitoa.

Kisha kuna hilo neno lenyewe. Karatasi ilisema kila mtu ana "shauku" yake na wajibu wake ni kuitafuta. Shauku ni hamu ya kitu kilicho mbali nawe: mke ana shauku ya mumewe aliye safarini. Utakuwaje na shauku ya kazi usiyopata kuishika? Tunayo maneno mengine, na kila moja lina mlango wake. Tuna ari, ambayo asili yake katika Kiarabu ni aibu. Mwenye ari hutenda kwa kuchelea fedheha ya kushindwa. Tuna hawaa, na hiyo tulionywa tusiifuate. Na tuna uraibu. Uraibu ni kama tambuu: siku ya kwanza chokaa inakuchoma ulimi na unatema, mwezi wa tatu ukiikosa kinywa hakitulii. Kwa maoni yangu, mapenzi ya kazi yako karibu zaidi na uraibu kuliko shauku. Hayakungojei mahali uyakute. Hukuota mdomoni kwa kutafuna.

Najua hivyo kwa kuwa usiku ule, nyumba ilipolala, nilitoa daftari langu nikayajibu yale maswali mimi mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na kitu. Swali la fedha lilinishinda kwa namna ya kuchekesha. Nimetunga mashairi miaka thelathini na zaidi, na malipo ya mashairi yote hayo hayafiki kununua mbuzi wa Idi; basi ninafanya tayari ile kazi ambayo ningeifanya bila ya kulipwa. Uandishi wa gazeti ndio uliotia unga chunguni. Wala si mimi wa kwanza. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, miaka mingi katika forodha, na vitabu akaviandika saa zisizokuwa za mwajiri. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alikuwa mtu wa biashara papa hapa Mvita. Wanaowaambia watoto kwamba kitu ukipendacho ndicho lazima kikulishe wanawatwika mzigo ambao washairi wetu wakubwa hawakuubeba.

Lakini swali la utoto ndilo lililonikesha. Ulipokuwa mdogo ulipenda nini? Jibu la kweli ni mpira, na kwenda forodhani kutazama majahazi yakipakua. Ushairi sikuupenda. Chuoni kwetu tulisoma kwa juzuu zilizochapwa Bombay, sote tukipaza sauti pamoja kwenye mkeka mmoja, na mimi nilikuwa na tabia ya kugonga mkeka kwa kidole huku nikisoma. Nilidhani hakuna anioneaye. Maalim, Mungu amrehemu, alikuwa akiniona. Siku moja akaniita, akanipa daftari la utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaniambia niunakili beti kumi kila alasiri, na nikikuta mstari uliozidi mizani nane au uliopungua nimwonyeshe. Alasiri! Saa ya mpira! Nilimchukia kwa muda wa miaka miwili. Mwaka wa tatu nikakuta mstari wenye mizani tisa, nikamwendea mbio kama mtu aliyeokota pochi, na hapo ndipo mambo yangu yalipokwisha.

Lau Maalim angenipa karatasi ya maswali kumi na mawili, ningeandika mpira. Nisingesema uongo, ila nisingekuwa na habari kamili. Nafsi ni shahidi wa mambo yake mwenyewe, na shahidi wa namna hiyo kadhi humsikiliza lakini hahukumu kwa kauli yake peke yake. Maalim hakuniuliza napenda nini. Alitazama kidole changu.

Kuna mtu mmoja mkubwa aliyejiuliza maswali makali kuliko haya, naye ni Imam Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mudarisi mkuu wa madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, wanafunzi 300 wakimsikiliza, na jina lake limeenea kote. Akaiuliza nafsi yake kwa nini anasomesha. Jibu alilolipata halikumpendeza: alikuta kwamba anachokitafuta ni cheo na sifa. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyokaa karibu miezi sita akisitasita, asubuhi ameazimia kuondoka na jioni azma imevunjika, mpaka ulimi wake ukafungika, akawa hawezi kusomesha neno, na chakula hakimpiti kooni. Akaondoka. Alikwenda Sham na kwingineko, na ilipita miaka kama kumi na mmoja ndipo akarudi kusomesha, mwaka 1106, mjini Nishapur.

Angalia basi: alirudi kwenye kazi ile ile. Lililobadilika lilikuwa nia. Katika maswali yote kumi na mawili ya binti yangu halikuwamo hata moja la nia. Yote yaliuliza "nini", hakuna lililouliza "kwa ajili ya nani". Na tena Ghazali alijiuliza akiwa na umri wa miaka thelathini na zaidi, ana kazi mkononi ya kuipima. Alikuwa na kitu cha kuuliza habari zake.

Wazee wa barazani wasije wakafurahi mno, kwani hata huko Marekani waliotangulia kutumia maswali ya namna hii hawakumwachia kijana karatasi akaondoke. Mwaka 1908 Bwana mmoja aitwaye Frank Parsons alifungua mjini Boston ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi. Alifariki mwaka huo huo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Ndani yake mna maswali zaidi ya mia ambayo kijana alitakiwa ajijibu. Ila pamoja na hayo alimtaka kijana ajitazame kwenye kioo, kisha awaendee jamaa na rafiki zake wamwambie wanamwonaje. Na mshauri naye akikaa naye uso kwa uso, akimwangalia anavyosema na anavyojichukua. Sisi tumeletewa maswali, kioo na jamaa vimebaki njiani.

Sasa nitalisema lile nililoliahirisha.

Mwanangu wa kwanza alimaliza kidato cha nne mwaka 2012. Miaka yote ya shule, kila alasiri, alikuwa pwani kwa mafundi wa vyombo. Alianza kwa kutumwa maji na sigara, mwisho akapewa nyundo na pamba awe anakalafati. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka sifa, mafuta ya papa, mpaka mama yake humwosha kwa ndimu. Mimi, niliyelelewa na Maalim mwenye kuona kidole, sikuiona mikono ya mwanangu. Niliona uhuni. Nikaona mtoto wa mwandishi atakuwaje mtu wa kuziba mashua. Fomu ya chuo ilipofika niliijaza kwa mkono wangu mwenyewe, hati nzuri, na mahali palipouliza "mwombaji anapendelea masomo gani" nikaandika uhasibu. Yeye alikuwa ameketi mbele yangu. Alitia sahihi tu.

Alisoma miaka miwili, akapasi, akaajiriwa, akaacha. Akaajiriwa tena, akaacha. Sasa yuko Dubai, analinda mlango wa ghala. Hanitusi, wala hanilaumu. Ni mwana mwenye adabu. Hutuma fedha kwa mama yake. Siku moja katika simu aliniambia kwamba siku yake ya mapumziko hupanda basi kwenda kutazama majahazi yaliyofungwa gatini, na kwamba kuna moja lililopigwa kalafati ovyo ovyo, angepewa pamba angelitengeneza kwa siku mbili. Akacheka. Mimi sikuwa na la kumjibu, nikamuuliza hali ya joto.

Hiyo ndiyo sababu ya kuiweka kalamu.

Kwa hiyo nasema na pande zote mbili. Kwa wenzangu wazazi, hasa sisi kina baba wa mwambao ambao kila mmoja anadhani mtoto ni barua yake ya kupeleka kwa majirani: karatasi hii ya maswali, pamoja na upungufu wake, ni bora kuliko nilivyofanya mimi. Walau inamuuliza mtoto. Kwa walimu, ambao wana watoto hamsini katika chumba kimoja na hawana nafasi ya kutazama kidole cha kila mmoja, nawaonea huruma, lakini nawaomba wayageuze maswali. Badala ya kumuuliza mtoto anapenda nini, mwulizeni ni kitu gani alishindwa nacho akakirudia siku ya pili bila ya kulazimishwa. Mwulizeni nani aliyemwona akikifanya, na mtu huyo aitwe aseme. Na kabla ya kumuuliza lolote, apelekwe mahali akashike kitu: kwa seremala, zahanati, shambani, mahakamani akasikilize kesi, gazetini kwetu hata, ingawa hapo atanukiwa na chai kuliko wino. Mtoto aliyezaliwa na kukulia baina ya nyumba na darasa ataandika nini zaidi ya daktari, rubani na mwanasheria?

Serikali inasema njia aliyoichagua mtoto inaweza kubadilishwa baadaye. Iwapo ni hivyo, basi wazazi waambiwe waziwazi na mapema, maana nimeona nyumba zilizogombana mpaka mjomba akaitwa, kwa kuona kwamba tiki ile ni kama talaka tatu.

Ama binti yangu, usiku ule nilimwambia ajibu anayoyajua na asiyoyajua ayaache. Akaniuliza, "Nikiacha si nitakosa maki?" Nikamwambia hayana maki. Akanitazama kwa mashaka, mtoto wa shule haamini kuna swali lisilokuwa na maki. Alijibu manane, manne akayaacha matupu, likiwamo lile la matanga. Nilitegemea angeitwa aulizwe. Mwalimu wake aliipokea karatasi, akaisoma, akaandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya leo na maneno mawili: "Tutazungumza."

Walizungumza, mara mbili, na mara ya pili nami niliitwa. Alichagua sayansi za jamii. Mimi ningemchagulia nyingine. Mama yake anaijua ni ipi, na amenikataza kuitaja hata hapa.